Mdomo wa Dakika ya Arobaini na Moja

Mkasi na shemeji yake hawakupendana tangu siku ya kwanza, na asije mtu akakudanganya kwamba ni msiba uliowagombanisha. Msiba uliwapa nafasi tu. Marehemu, mume wa Mkasi, alipokuwa hai alikaa katikati yao kama ukuta, kila mmoja akanuna upande wake. Ukuta ulipoanguka wakabaki wanatazamana uso kwa uso, na chumba cha kazi kilikuwa kimoja.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mbele katika nyumba ya Bi Mkubwa, mama mzazi wa marehemu na wa huyo shemeji. Kilikuwa na mlango wa kioo unaotazama barabara, pazia zito la kijivu, meza moja ndefu na kompyuta mbili: moja ya mezani inayojizima ikipata joto, nyingine ya kukunja, nzima. Kiti cha magurudumu kilikuwa kimoja tu. Miaka kumi na moja Mkasi alikaa kwenye kiti hicho akihariri video za harusi, mahafali na maziko, mumewe akishika kamera. Jina la Mkasi alipewa na mume huyo huyo, kwa sababu hakuwa na huruma na picha. Mgeni anayetafuna mdomo wazi, kata. Msemaji anayerudia salamu mara ya tatu, kata. Shangazi anayejikuna, kata, hata kama ndiye aliyelipia ukumbi.

Shemeji aliitwa Mbwembwe, na jina lilimkaa kama shati la kushonesha. Alikuwa amefanya kazi miaka miwili kwenye studio ya watu, akarudi nyumbani amejaa nyota, mioyo inayopasuka, na picha zinazofunguka kama pazia. Kwake yeye, video ikipita sekunde tano bila pambo ni video ya mtu aliyeishiwa. Mkasi naye aliona video za Mbwembwe ni kumtia mtazamaji vumbi machoni, na hakulisema hilo kwa kunong'ona. Alimwambia.

Miezi saba baada ya mazishi, Bi Mkubwa aliwaita sebuleni.

"Fahali wawili hawakai zizi moja," alisema. "Na mimi nimechoka kusikia milango ikibamizwa ndani ya nyumba yangu."

Binti yake wa mwisho, Kitinda, alikuwa ameolewa wiki mbili nyuma. Video ya harusi ingeonyeshwa Jumamosi alasiri, hapo hapo sebuleni, mbele ya wakwe. Bi Mkubwa akatoa hukumu yake akiwa amesimama, kama kawaida yake.

"Mkasi atakata. Mbwembwe atamalizia kwa mapambo. Atakayeniaibisha mbele ya wakwe ndiye atakayetoka kwenye kile chumba. Atakayebaki, funguo ni zake, na sitaki kusikia neno tena."

"Na asiye na mtoto humu ndani?" Mbwembwe aliuliza huku akitazama dari. "Hata akibaki, anabaki kama nani?"

"Kama mke wa kaka yako," alisema Mkasi. "Yule uliyemzika ukiwa umevaa koti la kuazima."

Bi Mkubwa akapiga meza. Wakanyamaza, lakini kunyamaza kwao kulikuwa na meno.

Tuseme ukweli, Mkasi aliogopa. Nje ya chumba kile hakuwa na pa kushika. Kaka yake angempokea, ndiyo, lakini kaka alikuwa na mke ambaye mgeni akilala siku ya pili huanza kuuliza basi linaondoka saa ngapi. Na kazi yenyewe ndiyo iliyokuwa imebaki ya ndoa yake. Yeye na mumewe ndio waliokipaka rangi chumba kile, wakalitundika lile pazia. Kumwachia Mbwembwe yote hayo, akae pale azungushe mioyo ya waridi? Thubutu.

Katika nyumba nzima aliyekuwa upande wake alikuwa mmoja, Kitinda. Watu husema wifi ni mwiba, lakini huyu alikuwa mwiba kwa wengine. Tangu msiba alimletea Mkasi chai kila jioni, akakaa sakafuni chini ya meza ya kazi, akamwacha alie bila kumwambia anyamaze. Hata baada ya kuolewa alipiga simu kila siku. Na katika harusi yake yote kulikuwa na kitu kimoja tu alichokiulizia.

"Wifi, lile kumbatio la mama yake mume wangu. Uliona alivyolia? Mimi nilijua hanitaki kabisa, nilikuwa nalala na hofu. Lile usilikate. Nakuomba, kata vyote, lile liache."

"Limo," Mkasi alimjibu. "Nalikataje?"

Hakumwambia lililofuata baada ya kumbatio. Alikuwa ameliona siku ya kwanza alipozifungua picha, akarudisha nyuma mara tatu kwa kutoamini macho yake. Mama wa bwana harusi alimkumbatia bibi harusi, akalia, machozi ya kweli yakamtiririka. Kisha uso wake, ukiwa juu ya bega la Kitinda, ukaelekea kamera. Machozi yakakatika kama bomba lililofungwa. Mdomo wa chini ukachomoza, ukabetuliwa upande, macho yakazungushwa kumtafuta dada yake aliyekaa meza ya pili, kama kumwambia, haya, umekiona kituko changu? Mpiga picha wa kukodi hakugundua kitu, akaendelea tu.

Kila fundi ana desturi yake ya kazi. Ya Mkasi ilikuwa alama. Kwenye mstari wa picha, pale chini ya skrini ambapo harusi nzima hulala kwa urefu kama kamba ya nguo, aliweka alama za rangi. Kijani ilikuwa picha nzuri, ibaki. Njano, hapa unaweza kuweka mpito, picha moja iyeyukie nyingine taratibu. Nyekundu ilikuwa koma: kata kwa mkato mkavu, usiweke pambo lolote, kwa sababu nyuma ya mkato huu kuna kitu. Chini ya kila alama aliandika maneno machache, maana kichwa cha mtu si kabati.

Na nyekundu ilikuwa na sababu ya kiufundi ambayo Mbwembwe, kwa miaka yake miwili ya nyota na mioyo, hakuwahi kuitia akilini. Mpito hautengenezwi kwa hewa. Ukitaka picha moja iyeyukie nyingine, kompyuta huenda kuchota kipande kidogo cha kile ulichokikata, ikakiyeyusha. Ulichokitupa kinarudi, kwa ukungu na kwa muda mfupi, lakini kinarudi.

Dakika ya arobaini na moja, Mkasi alikata kumbatio fremu moja, sehemu ndogo ya sekunde, kabla ya uso kukauka. Akaweka nyekundu, akaandika: "KOMA HAPA. Mama wa bwana harusi anabetua mdomo. Kitinda asije akaona." Kwa utulivu wa moyo akaunganisha na picha ya maua ya mezani.

Jumamosi asubuhi Mbwembwe aliingia bila kubisha hodi, akavuta kiti cha magurudumu Mkasi akiwa ndiyo kwanza amenyanyuka kufungua pazia. Mkasi akabaki na stuli ya plastiki.

"Haya," Mbwembwe alisema, akiisogelea skrini. "Ala! Huu ni mstari wa video au ni mtoto mwenye surua?"

"Ni alama. Soma kabla hujagusa."

"Nisome nini? Mimi nimekuja kupamba, sikuja shule." Akabonyeza mara mbili, alama zote mia na ishirini zikafutika. Kazi ya siku tisa ikaondoka hivyo, kama mtu anafuta makombo mezani. "Sasa ninaona."

"Shemeji, hapo kwenye kumbatio kuna..."

"Nyamaza." Hakugeuka hata kumtazama. "Kila siku hapa kuna, pale kuna. Ulimsumbua kaka yangu hivyo hivyo. Angekuwa hai leo kama angeoa mke wa kumtazama afya yake badala ya mke wa kutazama picha."

Mkasi alikuwa amefungua mdomo. Akaufunga.

Jamani, kuna maneno mtu akiyasema, hata yule anayemtakia mema anapoteza hamu ya kumtakia. Mkasi alihisi damu imempanda mpaka masikioni. Alimtazama yule mwanamume, shingo yake nene, kidole chake chenye pete, akamchukia kwa chuki safi isiyo na mchanganyiko wowote. Na ndani ya ile chuki likaja wazo, jembamba, baridi: mwache. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Mwache ajipakulie mwenyewe.

Mbwembwe akateua mikato yote kwa mpigo mmoja, akaamuru mpito kila mahali. Kompyuta ikamuuliza urefu. Wengine huweka sekunde moja. Yeye akaweka mbili, kwa kuwa kitu kizuri kisiwe kifupi. Mstari mzima ukajaa vijisanduku vya mpito, kila mkato na chake. Mkasi alikitafuta kwa macho kile cha dakika ya arobaini na moja, akakiona, akakikazia macho mpaka yakamuuma.

Alikuwa na muda wa kutosha. Kompyuta ilichukua saa mbili kuitoa video nzima, na katika saa hizo Mkasi alipiga pasi gauni lake, akafagia chumba, akaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Nia mbili zilimvuta. Nenda kamwambie. Nikamwambie ili anicheke? Nenda kamwambie Bi Mkubwa. Bi Mkubwa atasema nimeanza visingizio. Akajipa na matumaini ya uongo: ni picha ya sekunde mbili tu, yenye ukungu, nani ataiona? Lakini kama hakuna atakayeiona, kwa nini moyo ulikuwa unamdunda kwa raha?

Saa nane na nusu Kitinda alifika kabla ya wenzake, amevaa vizuri, anang'aa. Akamkumbatia Mkasi mlangoni.

"Wifi, limo?"

"Limo," alisema Mkasi.

Wakwe walikuja watatu: bwana harusi, mama yake, na yule dada wa mama, wote wamekaa sofa moja kama waliokuja kukagua nyumba ya kupanga. Bi Mkubwa alikaa mkabala nao. Salamu zilikuwa ndefu na hakuna aliyezimaanisha. Mama wa bwana harusi alisifu mapazia, kisha akauliza kama yamewahi kufuliwa. Bi Mkubwa akajibu kwamba kwake vitu hufuliwa kabla ya wageni, si baada. Kitinda alikaa kwenye mkono wa sofa kando ya mama mkwe wake, akicheka kila mzaha ili usigeuke kuwa kitu kingine.

Mbwembwe alisimama na rimoti mbele ya skrini kubwa ukutani, amevaa koti lake mwenyewe safari hii. Video ikaanza. Loo, mipito! Watu wakayeyukia magari, magari yakayeyukia viatu, viatu vikayeyukia mchungaji wa ndoa akiwa amefungua kinywa. Dada wa mama akasema inamtia kichefuchefu. Mbwembwe akasikia inampendeza.

Dakika ya arobaini na moja, kumbatio. Kitinda akaushika mkono wa mama mkwe wake. "Mama, ndipo hapa," alisema kwa furaha. Mama alilia kwenye skrini. Kisha maua yakaanza kupanda taratibu kutoka chini ya picha, na katikati ya maua, uso ukageuka.

Bi Mkubwa hakuwa mtu wa kupitwa na jambo.

"Rudisha," alisema.

"Umeipenda eeh?" Mbwembwe akafurahi. Akarudisha, akaichezesha polepole, na ili mama yake afaidi zaidi, akaisimamisha katikati.

Ukawa pale ukutani, mkubwa kama mlango wa kabati: mdomo uliobetuliwa, macho yaliyozungushwa, mawaridi matatu yakipita kwenye shavu. Na chini yake kisogo cha Kitinda na shela lake, akikumbatia kwa mikono yote miwili.



"Mkwe," Bi Mkubwa alisema, kwa upole wa kutisha, "huo mdomo unamwelekea nani?"

"Nilikuwa na jino linauma."

"Jino linauma mpaka macho?"

"Kwani wewe daktari?" alidakia dada wa mama. "Mtu akiumwa anatafuta ndugu yake, kuna ajabu gani?"

"Ajabu ni kwamba ninyi mnaumwa kwa zamu. Wewe unacheka sasa hivi."

Bwana harusi akasimama, akaketi, akasimama tena. "Mama, ni kweli?" akauliza, na mama yake akamwambia asimuulize upuuzi mbele za watu, yeye alikataa ndoa hii tangu mwanzo na kila mtu alijua, sasa wanashangaa nini, walitaka alie siku nzima? Bi Mkubwa akamjibu kwamba binti yake hakuokotwa jalalani. Maneno yakapanda, yakavuka meza, yakafika kwa mababu.  Kitinda aliutoa mkono wake kwenye mkono wa mama mkwe wake, akauweka mapajani mwake, akaendelea kutazama ukutani. Hakuna aliyekumbuka kuizima.

Kisha Bi Mkubwa akageuka. "Nani ameweka hiki kitu?"

"Huyu!" Mbwembwe alimnyooshea kidole Mkasi. "Yeye ndiye aliyekata!"

"Mimi nilikitoa," alisema Mkasi. "Yeye amekirudisha, kwa mipito yake."

"Mwongo mkubwa! Ngoja." Akakimbia chumba cha mbele, akarudi na kompyuta ya kukunja mikononi. Kompyuta hutunza nakala ya kazi kila baada ya muda, na Mbwembwe akafungua ile ya jana, alama zote zikiwa bado zipo. "Tazameni! Hebu tazameni kama hakupanga!" Akabonyeza nyekundu ya dakika ya arobaini na moja, maandishi yakatokea, naye akayasoma kwa sauti kubwa ya ushindi: "Koma hapa. Mama wa bwana harusi anabetua mdomo. Kitinda asije akaona." Akainua uso. "Mmesikia? Alijua! Alijua tangu zamani!"

Bi Mkubwa alimtazama mwanawe kama anamtazama mtu aliyekunywa maji ya kunawa.

"Kwa hiyo mwenzako aliandika koma hapa," alisema. "Wewe ukafanya nini?"

Mbwembwe akaifunga kompyuta. 

"Alizifuta zote," alisema Mkasi. "Bila kusoma."

Bi Mkubwa akachomoa funguo kwenye mfuko wa gauni lake, akatembea mpaka kwa Mkasi, akaziweka kiganjani mwake na kuvikunja vidole vyake juu yazo. Kwa Mbwembwe akasema neno moja tu: "Toka."

Mkasi alifurahi. Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa, alifurahi. Katikati ya nyumba iliyokuwa inawaka moto, wakwe wakitafuta viatu vyao, yeye alizihisi zile funguo zikimchoma kiganjani kwa raha, na alitaka Mbwembwe ageuke mlangoni ili amwone anavyotabasamu.

Aliyegeuka alikuwa Kitinda.

"Wifi," alisema. "Alipokuwa anazifuta, wewe ulikuwa wapi?"

Mkasi angeweza kudanganya. Angesema alikuwa jikoni, na hakuna ambaye angembishia.

"Nilikuwa nimekaa kando yake," alisema.

"Ulimwona akiweka hiyo mipito?"

"Nilimwona."

"Na nilipokuuliza mlangoni?"

Mkasi alizitazama funguo kiganjani. Kitinda alitikisa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia na akaielewa. Akachukua mkoba wake, akatoka na mumewe, akapanda gari kiti cha nyuma, kando ya yule yule mama, kwa sababu ndiko kulikokuwa na nyumba yake sasa.

Jumatatu Mkasi alifungua studio kwa mkono wake. Mbwembwe alikuwa amekwisha chukua vitu vyake. Kiti kilikuwa chake, meza ilikuwa yake, na mteja wa kwanza kusukuma mlango wa kioo alikuwa Kitinda. Hakukaa sakafuni.

"Nimekuja unifutie harusi yangu."

"Kitinda, naitengeneza. Dakika kumi tu, naondoa mipito, nakata palepale pa mwanzo, hakuna atakayejua..."

"Nimekuomba ukate?"

"Yule mtu alimtaja kaka yako. Alisema nilimuua. Nilishikwa na hasira, ulimi ukagoma."

"Alisema asubuhi. Mimi nilikuja saa nane na nusu." Sauti yake haikupanda. "Yule mama alibetua mdomo kwa sababu hanipendi, na ninajua sasa, nitaishi naye hivyo hivyo. Yeye alidhani sitaona. Wewe ulikaa sebuleni ukasubiri nione. Futa."

Mkasi akafuta. Alianza na video iliyokamilika, akafuata mstari wa kazi na nakala zake zote, kisha picha zenyewe, kadi moja ya kamera baada ya nyingine: kuvishwa shela, kuingia ukumbini, Kitinda akicheza na mama yake, Kitinda akicheka peke yake akidhani hapigwi picha. Kitinda alisimama nyuma ya kiti, akatazama kila kitu kikiondoka. Kilipokwisha akataka aone na pipa la taka la kompyuta, nalo Mkasi akalisafisha mbele yake. Ilichukua dakika kumi na tano hivi.

"Wifi, nisamehe," Mkasi alisema, bado anatazama skrini, maana kugeuka alishindwa.

Kitinda alikuwa ameshika mlango.

"Asante, fundi," alisema, kwa adabu, kama wanavyosema wateja, akatoka. Na tangu siku hiyo akikutana naye, hata mbele ya Bi Mkubwa, humwita hivyo.